Plasmidi na Kunakiliwa Kwake Ndani ya Bakteria

Plasmidi ni duara dogo la DNA linaloishi ndani ya bakteria, likiwa pembeni ya kromosomu yake. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1952 na Mmarekani Joshua Lederberg. Maabara huitumia kama chombo cha kubebea jeni: jeni ngeni hupachikwa kwenye duara, duara huingizwa katika bakteria, na bakteria wanapozaliana jeni huzaliana nao.

Plasmidi iitwayo pBR322, iliyoundwa San Francisco katika miaka ya 1970, ina jozi za besi 4,361. Kromosomu ya bakteria anayeibeba, E. coli, ina takriban milioni 4.6. Duara dogo kiasi hicho halina mitambo yake ya kunakili. Huazima vimeng'enya vya mwenyeji. Mali yake hasa ni kipande kifupi, kianzio, kinachoonyesha kazi ianzie wapi.

Vimeng'enya vinavyojenga DNA haviwezi kuanza patupu. Vyataka ncha ya kuendeleza. Kwenye pBR322 ncha hiyo ni RNA. Huanza kuandikwa besi 555 kabla ya kianzio, ikang'ang'ania DNA iliyoizaa, kisha kimeng'enya cha mwenyeji huikata penye kianzio. Kimoja cha vimeng'enya vinavyojenga DNA, polimerasi ya kwanza, huishika ncha iliyobaki na kuanza kujenga. Kingine, polimerasi ya tatu, hupokea kazi na kuizungusha upande mmoja hadi duara likamilike.

Ufundi wenyewe umo katika kujizuia. Uzi wa pili wa DNA, mahali palepale, huzaa RNA fupi ya besi 108 inayolingana na ile ndefu. Zikishikana, ndefu hujikunja vibaya na kunakili hukwama. Nakala zikiongezeka, vizuizi navyo huongezeka. Zikipungua, breki hulegea. Protini ndogo iitwayo Rop husaidia mshikano huo, na pBR322 hubaki na nakala 15 hadi 20 kwa seli. Plasmidi za jamii ya pUC zilinyang'anywa Rop, na besi moja ya kianzio ikabadilika: nakala zikapita 500.

Mzigo huo ni mzito. Bakteria aliyepoteza plasmidi hukua haraka kuwashinda wenzake, ndiyo maana plasmidi hupewa pia jeni ya kuhimili ampisilini, dawa ya kuua bakteria, na dawa hiyo huchanganywa katika chakula cha bakteria. Hata hivyo kinga hiyo huvuja: kimeng'enya cha wenye plasmidi huiharibu dawa iliyowazunguka, na wasio nayo huchipua kando yao.