Marhubi: Kasri Limekwenda, Bustani Ingalipo

Sisi watu wa Mombasa na Lamu tuendapo Unguja aghalabu hatupiti Forodhani. Tunazuru jamaa, tunakunywa urojo, tunarudi. Safari hii nilishika njia ya Bububu, kama kilomita nne kaskazini ya mji, nikaingia Marhubi.

Kasri hilo lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888; ndiye yule aliyewaletea watu wa mjini maji safi ya mfereji. Mwaka 1899 kasri liliungua. Roshani za mbao zikawa jivu, zikabaki nguzo nene za mawe zilizozibeba, na leo hazibebi kitu.

Lakini bustani haikuungua. Miembe mikubwa ingalipo na kivuli chake, na birika zimeota mayungiyungi. Upo na ukuta mrefu uliozunguka kiwanja, ambao yasemekana Seyyid aliupenda mfano wake alipozuru Uingereza mwaka 1875 na kuona bustani za mabwana wa huko. Hilo halinishangazi. Mtu aliyezaliwa penye minazi na bahari hahitaji kufunzwa bustani na Mwingereza, bali ukuta ni jambo jingine.

Kwani ndani ya ukuta huo waliwekwa masuria. Wenye kutembeza wageni hutaja tisini na tisa, na wageni hucheka. Mimi sikucheka. Amri ya mwaka 1897 iliyowapa watumwa wa Unguja haki ya kudai uhuru wao kortini iliwaacha nje masuria, hata mwaka 1909. Basi kasri lilipoungua, suria alikuwa bado hana mlango huo. Jirani hapo Mtoni, Sayyida Salme, dada yake Barghash, aliyezaliwa na suria, aliyaandika maisha ya nyumba ya baba yao, nasi tunayasoma. Wa Marhubi hawakupata mwandishi wao.

Ukienda, ndugu msomaji, anza na hamamu. Marumaru yake yamekwisha kuibwa zamani, lakini vyumba vimesimama, na mifereji ya maji inaonekana. Hapo ndipo walipooga. Nguzo, ambazo kila mtu hupigia picha, ziache baadaye.