Jeraha Lisiloonekana

Tarehe 12 Agosti 2017, mjini London, Usain Bolt wa Jamaika alikimbia mashindano yake ya mwisho, mbio za kupokezana kijiti. Alipokea kijiti, akakaza mwendo. Ghafula msuli wa nyuma ya paja ukamwumia, akaanguka. Watu wote waliona anguko lake. Lakini jeraha lenyewe, nani aliliona? Lilikuwa ndani, limefunikwa na ngozi.

Ndiyo taabu ya majeraha ya misuli. Picha ya eksirei, tuliyopata kwa uvumbuzi wa Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa vizuri, si misuli. Mashine kubwa ya sumaku huionyesha, lakini gharama yake ni kubwa. Basi, katika Chuo Kikuu cha Chalmers, mjini Göteborg, nchini Uswidi, wataalamu wamejaribu njia nyingine: mawimbi ya maikrowevu, ndugu wa mawimbi ya redio.

Yafanyaje kazi? Antena ndogo hupangwa kulizunguka paja. Moja hutuma mawimbi, nyingine huyapokea. Kisha hubadilishana zamu, hata zote zimalize. Penye mpasuko damu hukusanyika, na mawimbi hupita hapo kwa namna iliyo mbali na ile ya msuli mzima. Kompyuta hulinganisha tofauti hizo, ikachora picha. Mawimbi mengine hukwepa paja na kupita kando, yakaivuruga picha. Kwa hiyo huwekwa jeli ya kuyameza. Nguvu yao ni ndogo, hayaunguzi mwili.

Chombo hicho kingali katika majaribio. Lakini tangu sasa kinatufundisha neno moja: jeraha lisiloonekana ni jeraha kweli. Mara ngapi sisi walimu tumemwita mvivu kijana anayechechemea, kwa kuwa hatukuona kidonda?

Basi, mchezaji akisikia msuli umemkatika, aache mchezo palepale. Apumzike, awekewe kitambaa cha maji baridi, afungwe bendeji bila kukazwa mno, ainue mguu. Siku za kwanza asikandwe kwa nguvu wala kwa maji moto, damu isije ikazidi kuvuja ndani. Akishindwa kukanyaga, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Wala asirudi uwanjani mara maumivu yanapopungua, kwani maumivu hutangulia kuondoka, msuli ukapona baadaye.

Enyi wazazi na walimu, tumsadiki mtoto asemapo anaumwa. Kikombe kitashindaniwa tena mwaka ujao. Mguu aliopewa na Mungu hauna wa akiba.