Huzuni Inayotafunwa Usiku Kucha

Oktoba 17, 1989, tetemeko la Loma Prieta liliitikisa San Francisco na vitongoji vyake, Marekani, likaua watu 63. Siku 14 tu kabla yake, mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa amewajazisha wanafunzi dodoso kuhusu hali zao za moyo na wanachofanya wanapohuzunika. Mtafiti hapati bahati kama hiyo mara mbili. Aliwapima tena siku kumi baada ya tetemeko, kisha wiki saba baada yake: waliozoea kuitafuna huzuni tangu awali ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sonona.

Kuitafuna vipi? Kwa nini mimi? Mbona sichangamki kama wenzangu? Maswali yanazunguka hadi alfajiri bila kuzaa hatua yoyote.

Mazoea haya huonekana zaidi kwa wasichana. Utotoni hawapishani sana na wavulana kwa sonona; pengo huanza kujitokeza kati ya miaka 13 na 15, na ujana ukielekea ukingoni wasichana wanaougua hufikia karibu mara mbili ya wavulana. Mabadiliko ya balehe yamo, unyanyasaji umo, na macho ya watu juu ya miili yao pia. Anayetaja chanzo kimoja anarahisisha mno.

Mwaka 2007, Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 813 kwa miezi sita. Waliangalia marafiki wanaoirudia shida ileile kila wakikutana. Urafiki ulinoga kwa wote, lakini dalili za sonona na wasiwasi ziliongezeka kwa wasichana peke yao. Ajabu yenyewe ni hiyo: shoga msikivu, ambaye kila mzazi angemtamani kwa bintiye, anaweza kutonesha kidonda bila kujua.

Wavulana nao hawajasalimika. Wengi hukimbilia mpira, jambo jema, ila wengine huishia kwenye ulevi na ugomvi, na huzuni yao hudhaniwa ni utovu wa adabu. Duniani, wanaume wanaokufa kwa kujiua ni takriban mara mbili ya wanawake.

Kumwambia kijana "acha kuwaza" hakumsaidii. Katika majaribio ya Nolen-Hoeksema, dakika nane za kuelekeza fikra kwenye jambo jingine kabisa, kama vile mawingu yanavyojikusanya angani, ziliwapunguzia wenye huzuni uzito wa moyo. Kisha, shida ilipoletwa mezani, waliitafutia ufumbuzi vizuri zaidi kuliko wale walioachwa waendelee kuitafuna.