Nafaka za Ufipa: mizani haipimi lishe

SUMBAWANGA: Mahindi ndiyo yanayotawala biashara ya nafaka katika uwanda wa Ufipa. Mkoa wa Rukwa huhesabiwa miongoni mwa maghala ya taifa, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ni mmoja wa wanunuzi wake. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Gunia kujaa si mwili kujengeka.

Mnunuzi hulipia uzito, lakini kilo moja ya nafaka hii si sawa na kilo ya ile. Kwa gramu 100 za nafaka kavu isiyokobolewa, viwango vya kukadiria ni hivi:

Mahindi: protini gramu 9, kalsiamu chini ya miligramu 30
Ngano: protini gramu 12, kalsiamu miligramu 35
Ulezi: protini gramu 7, kalsiamu miligramu 340

Ulezi, chakula cha Wafipa tangu enzi kabla ya mahindi kushika nafasi, umezidiwa kwa protini lakini hauna mpinzani kwa kalsiamu. Kasoro yake ni asidi ya fitiki, ambayo huzuia mwili kufyonza madini. Kuuotesha kwanza, kama wafanyavyo watengenezaji wa kimea cha pombe, hupunguza kasoro hiyo.

Kwa upande wa mahindi, hasara kubwa hutokea mashineni. Kukoboa sembe huondoa kiini pamoja na mafuta, vitamini na madini yake, na pumba huishia kwa mifugo. Dona hubakiza vyote, ila mafuta hayo huufanya unga uchachuke mapema. Muuzaji asage kidogo kidogo na kuuza upesi. Aidha, protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambao maharage, zao jingine la uwanda huu, huuziba vizuri.

Kwa mwenye mtaji mdogo, nafasi ipo katika unga wa uji: ulezi uliooteshwa, ukakaushwa vizuri na kupepetwa mpaka mchanga uishe. Mchanga huongeza uzito kwenye mizani, lakini humfukuza mteja.