Kutoka na Kurudi: Habari za Viza kwa Msafiri wa Biashara

Apitaye Mtaa wa Kongo asubuhi, hapo Kariakoo, huona marobota ya nguo, viatu na taa yakishushwa, na mengi katika hayo yametoka Guangzhou, mji mkubwa wa biashara kusini ya China. Wenye maduka wengi hawangoji kuletewa, huenda wenyewe. Kariakoo ilipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya 1914 hadi 1918, na hata leo ni mahali pa watu wa mizigo. Ila mizigo ya leo husafiri kwa hati, na hati hizo zataka kusomwa.

Leo twapenda kueleza jambo moja tu: viza haihesabu siku peke yake, huhesabu pia mara za kuingia.

Tumfikiri mfanya biashara aliyepewa viza ya kukaa China siku 30. Siku ya kumi amekwisha agiza mali kiwandani na kulipa arbuni. Na fedha hizo si zake zote, nyingine ni za ndugu, nyingine za upatu. Aambiwa angoje juma moja. Basi aona heri aende Hong Kong akatazame bei za simu. Si mbali kwa treni. Tena ni sehemu ya China tangu tarehe 1 Julai 1997, na Mtanzania huruhusiwa kuitembelea bila viza. Avuka kwa furaha. Taabu yamngoja wakati wa kurudi: afisa afungua pasi, aitazama viza, amkatalia njia.

Ametenda kosa gani? Hong Kong, ijapokuwa ni ya China, ina idara yake ya uhamiaji na mpaka wake. Atokaye Guangzhou kwenda huko amekwisha toka katika nchi, sawasawa na kama angalikwenda Nairobi. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja, na mara hiyo aliitumia siku aliyofika. Zile siku 20 zilizosalia hazimfai kitu. Macao nako, iliyorudi kwa China mwaka 1999, mambo ni hayo hayo.

Hapa pana mtego mdogo ambao twaona yafaa kuutaja. Penye mstari wa aina ya viza, mfanya biashara huandikiwa herufi M, maana yake biashara. Penye mstari wa mara za kuingia huandikwa 01, au 02, au M pia, na M hii ya pili ndiyo maana yake mara nyingi. Mtu aweza kuiona M ya kwanza akadhani ana ruhusa ya kwenda na kurudi apendavyo, kumbe chini yake imeandikwa 01.

Kwingineko mipaka huhesabiwa kwa namna nyingine. Nchi 29 za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen ni kama nyumba moja: mwenye viza yao ya mara moja aweza kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa na kurudi, lakini akivuka kwenda Uingereza ametoka nje ya nyumba. Naye abadilishaye ndege Dubai bila kupita penye meza ya uhamiaji hahesabiwi kuwa ameingia huko.

Kwa hiyo mwenye nia ya kupitia Hong Kong na aseme mapema, anapoomba viza hapa Dar es Salaam, ya kuwa ataingia China mara mbili. Akiisha kuvuka bila ruhusa hiyo, itampasa kuomba viza nyingine kabla ya kurudi. Ziko ruhusa fupi za wapitaji, lakini hizo ni za mtu aliye njiani kwenda nchi nyingine, hazimtoshi mwenye mali ya kukagua na kufungasha. Na huku siku zapita, mali i kiwandani, na wenzake wa upatu wangoja zamu zao.