Herufi mchangani: Mtoto wa ukanda wa dhahabu asome kwa jicho, sikio, ulimi na kidole

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la walimu peke yao. Jambo lenyewe ni namna mtoto wa darasa la awali na la kwanza anavyofunzwa kuitambua herufi, kuitamka, kuiandika na hatimaye kuisoma katika neno. Tumeichagua mikoa ya Shinyanga na Geita kwa makusudi. Huko dhahabu huchimbwa kila siku. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi ulianza mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Kati ya migodi hiyo yamezagaa maduara, makarasha na mialo ya wachimbaji wadogo. Mtoto asiyejua kusoma katika mazingira hayo hakosi pa kwenda. Mwalo unamsubiri.

Wala hili si jambo la kukisia. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya ajira ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ikieleza watoto wanaoingia mashimoni, wanaobeba mawe na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria humtoa mtoto mgodini, na kinachomweka darasani ni kule kuona kwamba anapata kitu. Mtoto aliyekaa miaka mitatu mbele ya ubao asiambulie hata jina lake, tumwambie nini mwenzake anapomwita akaokote mawe kwa ujira?

Tatizo lilivyo

Tathmini ya Uwezo ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa kati ya watoto kumi wa darasa la tatu nchini, ni watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali iliitikia kwa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kwa jina la KKK, ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili. Kisha ukaja Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 michango na ada zikaondolewa. Hiyo ilikuwa kheri kubwa, kwani watoto wa masikini waliingia shuleni kwa wingi. Lakini kheri hiyo ilikuja na mtihani wake. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa moja, ilhali katika shule nyingi za ukanda huu mwalimu mmoja hukabiliwa na watoto zaidi ya mia.

Katika umati huo mwalimu hukimbilia njia iliyo rahisi kwake. Huandika ubaoni "ba be bi bo bu", hushika fimbo ya kuelekezea, na watoto wote huitikia kwa sauti moja. Ukipita nje utasema wanasoma. Ingia ndani, ufunike silabi nne za kwanza, uulize ya mwisho ni ipi. Hapo utabaini kuwa wengi walikuwa wakiimba, hawakuwa wakisoma. Wameihifadhi sauti bila ya kuiona herufi.

Somo tunalolipata Buhangija

Katika Manispaa ya Shinyanga ipo Shule ya Msingi Buhangija, inayowapokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino pamoja na wenzao. Wengi wameisikia kwa habari za huzuni, kwa kuwa mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa Kanda ya Ziwa katika muongo wa 2000, shule hiyo iligeuka pia kuwa kimbilio. Lakini Buhangija ina somo jingine ambalo halizungumzwi sana. Mtoto asiyeona husoma kwa ncha ya kidole, akizipapasa nukta nundu. Kiziwi hujifunza kwa macho na mikono, kwa Lugha ya Alama. Mwenye ualbino, ambaye aghalabu uoni wake ni hafifu, huhitaji kukaa karibu na ubao na kupewa maandishi makubwa.

Ikiwa kidole cha asiyeona kinaweza kumfikisha katika maana, kwa nini kidole cha anayeona kikae bure darasani? Katika Sura An-Nahl, masikio, macho na nyoyo vimetajwa pamoja katika orodha ya neema. Neema hizo hazikuletwa zitumike moja moja, nyingine zikilala.

Waalimu wa dunia waliligundua hili zamani. Maria Montessori, tabibu wa Kiitaliano, alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alikata herufi za karatasi ya msasa ili watoto wazipapase huku wakizitamka. Na watafiti wa Ufaransa, akina Florence Bara, walichapisha mwaka 2004 matokeo yaliyoonyesha kuwa watoto wa chekechea walioziona na kuzipapasa herufi walielewa uhusiano wa herufi na sauti vizuri zaidi kuliko wale walioziangalia tu.

Wala sisi tuliopita chuoni hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Mtoto wa chuo wa zamani alichonga kalamu ya mwanzi, akaandika juu ya ubao wa mti kwa wino wa masizi, akaitamka herufi kwa fatha, kisra na dhumma huku mwili ukiyumba, kisha akauosha ubao na kuanza upya. Jicho, sikio, ulimi na mkono vilifanya kazi kwa pamoja. Wasukuma nao wana bugobogobo, ngoma ya wakulima, ambamo jembe hurushwa na kudakwa kwa mapigo. Hakuna aliyejifunza bugobogobo kwa kuandikiwa ubaoni.

Somo la herufi moja

Sasa tuangalie namna ya kufanya. Tuchukue herufi *m*. Mwalimu haanzi na jina la herufi, bali huanza na sauti yake: "mmm". Watoto huweka kidole juu ya mdomo na kuhisi midomo imefungwa, kisha hugusa pua na kuhisi inatetema. Hatua ya pili, hutoka nje chini ya mti, kila mmoja akaiandika herufi hiyo mchangani kwa vidole viwili huku akiitamka. Hatua ya tatu, huifinyanga kwa udongo. Hatua ya nne, herufi hiyo hukutanishwa na irabu, kila herufi ikiwa imeandikwa juu ya kizibo cha soda: *m* na *a*, "ma", *m* na *o*, "mo". Mwisho mtoto hurudi ndani, akaandika kwenye daftari na kulitafuta neno kitabuni. Hatua hii ya mwisho isiachwe kamwe, kwani mchanga ni daraja tu, na safari yenyewe inaishia kitabuni.

Kiswahili kimeturahisishia kazi. Irabu zake ni tano na kila moja ina sauti moja. Mtoto akizijua hizo tano pamoja na konsonanti tano tu, yaani *m, k, t, l* na *b*, tayari anamiliki silabi 25. Kwa silabi hizo atasoma *mama*, atasoma *kuku* na *moto*, na atasoma *kalamu* na *kitabu*. Mtoto aliyesoma neno *kitabu* kwa kuliunganisha mwenyewe hawi tena yule wa jana.

Upo ugumu wa mahali petu ambao haufai kufichwa. Watoto wengi wa Shinyanga na Geita huingia shuleni wakizungumza Kisukuma, na katika lugha hiyo *l* na *r* hazitenganishwi kama katika Kiswahili. Hata majina ya vijiji yanashuhudia: wako wanaoandika Rwamgasa na wako wanaoandika Lwamgasa. Mtoto akiandika "kula" mahali pa "kura", au "mahali" mahali pa "mahari", si mpumbavu. Sikio lake halijazoezwa. Dawa yake ni kumwonyesha ulimi unavyogusa juu na kutulia kwa *l*, na unavyotetema kwa *r*, ajaribu mara kadhaa huku akiishika kadi ya kila herufi mkononi. Fimbo haijawahi kumfundisha mtu sauti ambayo sikio lake halijaisikia.

Kwa wingi wa watoto, mwalimu awagawe makundi ya watoto kumi kumi, kila kundi na kiongozi wake na sehemu yake ya mchanga. Akipita kundi kwa kundi, ndani ya dakika chache ataona nani ameandika na nani anamtazama jirani. Kwa mwitikio wa pamoja darasani hawezi kamwe kuliona hilo.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni ya usalama, nayo ni ya ukanda huu hasa. Mchanga wa kufundishia usichukuliwe mialoni wala kwenye marudio. Mabaki hayo yanaweza kuwa na zebaki, nayo hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu ya mtoto anayekua. Ichukuliwe ardhi safi, mbali na machimbo na mitambo ya uchenjuaji, na watoto wanawe mikono baada ya somo. Vyombo vilivyobeba kemikali visiingie darasani hata vikioshwa, na vizibo vihesabiwe kabla na baada ya kipindi, asije mdogo akameza.

Ya pili ni ya kielimu. Wako wanaodai kuwa mtoto huyu ni "wa macho" na yule ni "wa masikio", kila mmoja afunzwe kwa njia yake. Dai hilo limepimwa na halikuthibitika. Makusudio yetu ni kila mtoto atumie milango yake yote kwa herufi ile ile na kwa wakati ule ule. Tena mchanga na udongo havina miujiza. Kiini cha somo ni kuifunga sauti na herufi yake kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Darasa lenye zana nyingi lakini lisilo na mpangilio huo litazalisha wachezaji.

Ya tatu, mtoto akishindwa kwa muda mrefu, achunguzwe macho na masikio kabla ya kuitwa mzito.

Wajibu wa jamii

Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-T, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014 hadi 2020. Chini yake, watoto ambao hawakupata elimu ya awali waliandaliwa kwa majuma kadhaa, kwa hadithi na michezo ya Kiswahili, na vijana wa kijiji chao hicho hicho waliopewa mafunzo. Mpango ulikwisha, lakini funzo lake limebaki: kijana aliyemaliza sekondari, mwenye subira na anayejua Kisukuma na Kiswahili, anaweza kumvusha mtoto kutoka lugha ya mama hadi lugha ya darasani. Vijana hao wapo katika kila kitongoji.

Wazazi nao wasiseme hawana elimu. Mama asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe aandike uani kwa kijiti alichofunzwa leo, na kumuuliza, "Hii inalia vipi?" Mababu zetu wa Usukumani walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wakubwa waliwafunza wadogo. Hadithi na vitendawili vya mahali hapo huzoeza sikio la mtoto, na sikio lililozoea maneno huipokea herufi kwa wepesi.

Misikiti na madrasa zetu pia zimo katika hesabu hii. Wanazuoni wa sira wamesimulia kuwa baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kuandika waliruhusiwa kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Ikiwa elimu ya herufi ilikubaliwa kutoka kwa mateka wa vita, sisi tuna udhuru gani wa kuufunga ukumbi wa madrasa asubuhi nzima, ilhali shule ya jirani imejaa hadi barazani?

Na wenye mamlaka tuwakumbushe kwa adabu. Halmashauri hupokea kutoka migodini ushuru wa huduma unaotokana na mapato ghafi, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni hulazimika kukubaliana na halmashauri juu ya mipango ya kuihudumia jamii. Madarasa yamejengwa na yanaonekana, nasi tunashukuru. Lakini jengo halimfundishi mtoto. Sehemu ya fedha hizo iende kwenye vitabu vya hadithi, kadi za herufi, na mafunzo ya mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye mara nyingi ndiye anayekumbukwa mwisho.

Ndugu msomaji, dhahabu ya Geita itakwisha siku moja, kama ilivyokwisha Buzwagi. Mtoto atakayekuwa amejua kusoma siku hiyo atakuwa na pa kuanzia. Leo jioni, kabla ya Magharibi, mwite mwanao uani, mpe kijiti, mwambie aandike jina lake mchangani. Akiweza, mshukuru Mola wako na mwalimu wake. Asipoweza, usimkaripie. Kaa naye, uanze na herufi moja.