Kupiga Picha za Bronzi na Chuma: Kutoka Sarafu ya Senti Tano hadi Malungu ya Ufipa

Katika nyumba nyingi za Sumbawanga, chini ya sanduku la nguo la bibi au ndani ya kopo la vifungo, hupatikana sarafu kuukuu ambazo hazinunui kitu tena. Mojawapo ni senti tano ya Tanzania, yenye pande 12 na picha ya samaki, iliyoanza kutolewa mwaka 1966. Nyingine ni senti kumi ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati. Sarafu hizo zilitengenezwa kwa bronzi, ambayo wengine huiita shaba nyeusi, yaani aloi ya shaba na bati.

Mwanafunzi akijaribu kuipiga picha sarafu hiyo kwa kamera au kwa simu, mara nyingi atapata mojawapo ya mambo mawili: doa jeupe lisilo na samaki wala maandishi, au kisahani cheusi kisichoonyesha kitu. Kosa si la kamera. Katika makala hii tutaeleza sababu yake, kisha tutaona jinsi elimu hiyo inavyoweza kusaidia kuhifadhi kumbukumbu ya kazi kubwa ya ufundi iliyofanyika katika uwanda wa juu wa Ufipa.

Kwa nini bronzi hung'aa

Ndani ya metali zimo elektroni zisizofungwa kwenye atomu moja moja. Mwanga unapoangukia metali, elektroni hizo hutikiswa, nazo huurudisha mwanga karibu wote. Shaba hunyonya sehemu ya mwanga wa buluu na kurudisha zaidi mwekundu na wa njano. Ndiyo maana shaba na bronzi mpya zina rangi ya joto. Uso ukiwa laini, mwanga huakisiwa kwa utaratibu: pembe ya mtuo hulingana na pembe ya uakisi. Karatasi, kwa upande wake, hutawanya mwanga kila upande.

Basi, picha ya metali iliyong'arishwa ni picha ya vitu vinavyoizunguka. Jaribio hili lafaa darasani. Weka sarafu iliyosuguliwa juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, uitazame kutoka upande mmoja. Kisha shika karatasi nyeupe upande wa pili, mkabala na jicho lako. Sarafu itajaa mwanga ghafla, na samaki ataonekana, kwa kuwa sasa sarafu inaakisi karatasi badala ya ukuta wenye giza. Inamisha karatasi kidogo kidogo mpaka sehemu zilizoinuka ziwe na mwanga na mabonde yabaki na kivuli. Hapo ndipo upige picha.

Bronzi iliyokaa nje kwa muda mrefu huwa na tabia nyingine. Hewa na unyevu huifunika kwa tabaka la kahawia, kisha la kijani. Sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni mfano unaojulikana na wengi. Sanamu yenye uso mweusi ikipigwa picha dhidi ya anga jeupe la adhuhuri, kamera huupima mwanga wa anga na kumwacha askari kuwa kivuli kitupu. Dawa yake ni kupima mwanga kwenye sanamu yenyewe, au kungoja mawingu membamba ambayo hutawanya mwanga kama ile karatasi yetu.

Bronzi isiyo na shaba

Maumbile nayo yana rangi ya bronzi, lakini huipata kwa njia nyingine kabisa. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki huishi ndege aina ya chozi, ambaye wataalamu humwita Nectarinia kilimensis. Dume akikaa kivulini huonekana mweusi tu. Akigeuka juani, kichwa na mgongo wake hutoa mng'ao wa kijani na wa bronzi. Katika manyoya yake hamna shaba. Zimo chembe nyembamba za melanini, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Mwanga huakisiwa na kila tabaka, na mawimbi yake hukutana: mengine huimarishana, mengine hufutana. Rangi inayobaki hutegemea unene wa tabaka na pembe ya kutazama. Mbawakawa wengi nao hung'aa kwa kanuni iyo hiyo.

Kwa hiyo, anayempiga picha chozi asikimbilie kumsogelea tu. Jua na liwe nyuma ya mpiga picha, naye angoje ndege ageuke. Sehemu ya sekunde moja hutenganisha ndege mweusi na ndege wa bronzi.

Malungu ya Ufipa

Hata hivyo, Ufipa haikuwa nchi ya bronzi bali ya chuma. Shaba safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na ikichanganywa na bati huyeyuka kabla ya hapo. Chuma huhitaji nyuzi 1,538. Mafundi wa Kifipa hawakulazimika kufikia joto hilo. Walijenga tanuri refu la udongo, liitwalo ilungu (wingi malungu), lililofikia kimo cha mita tatu hivi, wakalijaza makaa na mawe yenye chuma. Hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa katika matundu ya chini, kwa kuwa hewa ya moto ndani ya tanuri ilipanda juu. Kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa iliondoa oksijeni katika mawe, na chuma kikabaki kama bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, kwa kutumia mivukuto, kisha likafuliwa kuwa jembe au shoka.

Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea. Wataalamu wameiandika: J. A. R. Wembah-Rashid alichapisha makala juu ya wahunzi wa Ufipa mwaka 1969, na Bertram Mapunda alifanya utafiti wa akiolojia kusini-magharibi mwa Tanzania kwa tasnifu yake ya mwaka 1995. Lakini udongo hauna ustahimilivu wa bronzi. Mvua, mizizi ya miti na majembe hulimega ilungu mwaka hata mwaka. Sanamu ya bronzi hutusubiri, ilungu halisubiri. Picha njema iliyopigwa leo huenda ikawa ushahidi pekee utakaosalia.

Namna ya kupiga picha

Kwanza, chagua saa. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi jua huwa chini, na mwanga wake wa ubavuni huonyesha matundu, nyufa na alama za vidole vya wajenzi. Adhuhuri, katika uwanda ulio juu kama Ufipa, mwanga huwa mkali na vivuli vyeusi mno.

Pili, tambua kuwa kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu. Lundo la mavi ya chuma ni jeusi. Kamera italifanya la kijivu na kupoteza umbo lake. Punguza mwanga kwa hatua moja. Mavi ya chuma yaking'aa kama kioo, kichujio cha kupolaraiza hupunguza mng'ao huo. Lakini kwenye metali tupu kichujio hicho hakisaidii sana.

Tatu, weka kipimo. Rula au fimbo yenye alama za sentimita 10 iwepo katika picha, pamoja na karatasi nyeupe ya kusahihishia rangi. Piga kutoka pande nne, kisha matundu moja moja.

Nne, andika papo hapo tarehe, saa, kijiji, upande unaotazamwa na jina la mpiga picha. Picha isiyo na maelezo ni pambo tu.

Tano, usichimbe wala kuondoa kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mahali kama hapo bila kibali. Omba ruhusa ya mwenye shamba, na nakala moja ya picha apewe Afisa Utamaduni wa Wilaya.

Mwalimu wa fizikia, wa kemia na wa historia wanaweza kuifanya kazi hii kuwa somo moja. Waanze na senti tano darasani. Wanafunzi wakishaweza kumtoa yule samaki gizani, watakuwa tayari kwenda shambani, kulipiga picha ilungu kabla ya masika kulishusha tena.